Mtambo wa Pazia la Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota mdogo wangu Shomari amerudi, ila sasa anatumia betri.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chumbani kwa Mama, chini ya dirisha, na shati lake la drafti. Kifuani, pale kwenye mfuko, ilikuwepo ile betri ya mraba niliyoinunua mwenyewe dukani, imebanwa kwa utepe mweusi. Nikaona ni sawa tu. Ndotoni huwa sina ubishi.

"Habari," akasema Shomari. "Nimewaka. Nipo tayari. Wewe nani?"

"Mwanahawa, dada yako."

"Ahaa, Dada! Mbona umekonda hivyo?"

Akainuka anikumbatie. Magoti yakanguruma, kitaa cha kijani shingoni mwake kikafifia, akarudi kigodani puu.

"Habari. Nimewaka. Nipo tayari. Wewe nani?"

Inabidi nieleze. Mama yetu hainuki kitandani tangu apooze. Shomari alimtengenezea mtambo wa pazia: mota ya kuvuta kamba, na kibao kidogo cha elektroniki, cha ukubwa wa kiberiti, chenye programu, cha kuiamuru hiyo mota. Jua likichomoza mota inavuta, na pazia likishafunguka kispika kinatoa sauti ya Shomari: "Mama, kumekucha. Shikamoo." Mama anaitikia, "Marahaba, baba." Shomari alipofariki, sauti ile ndiyo ilikuwa ikimgeuza Mama atazame nje. Anajua mwanawe amekufa, wala hajachanganyikiwa. Anataka tu kumwitikia.

Kisha betri za zamani zikavuja. Nikazitoa zote, nikaweka hii moja ya mraba, muuza duka kaniapia kwamba ina nguvu. Tangu siku hiyo mota ikianza kuvuta, kibao kinazimika, kinawaka, kinasahau kilipofika, kinaanza upya. Pazia linatikisika tu na sauti haifikiwi. Nimeilaumu programu, nimekilaumu kibao, nimenunua kingine, yaleyale. Nikilifungua pazia kwa mkono, Mama anageukia ukutani.

Basi huko ndotoni kila Shomari akinitambua anataka kunikumbatia, na kila akitaka kunikumbatia ananisahau.

"Usiinuke," nikamwambia. "Kaa hivyohivyo tuongee."

"Nitakaaje na wewe unalia?" Akainuka.

"Habari. Nimewaka."

Sikuvumilia. Nikambandua betri kifuani, nikatoka nayo mlangoni, na nje ya mlango ni zahanati.

Betri anakaa kwenye benchi la wagonjwa. Muuguzi ni mita yangu ya manjano, ile ya kupimia umeme, mkono mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Anamgusa Betri pande mbili.

"Volti tisa. Mzima. Mwingine!"

"Si mzima," nasema. "Ndugu yangu anazimika kwa sababu yake."

Betri anakohoa. "Dada, amenipima nimekaa. Nikikaa kila mtu ananiona mzima. Mwambie anipime nimebeba."

"Hapa wagonjwa wanapimwa wakiwa wamekaa," anasema Mita. "Ndio utaratibu."

Nampa Betri gunia la mahindi lililokuwa pale mlangoni. Anasimama nalo, anatetemeka. Mita anamgusa tena: tisa, saba, nne. Halafu anaangalia pembeni kwa aibu.

"Mimi ni wa kuendeshea redio ndogo," anasema Betri, ameinama chini ya gunia. "Ungeniuliza dukani ningekwambia."

Nikakaa sakafuni nikalia. Shomari naye walimpima amekaa. Wakamwambia moyo wake hauna neno, na hazikupita siku nyingi akaanguka kilimani akisukuma baiskeli yenye gunia. Ninalichukia benchi lile mpaka leo. Nikainuka kulipiga teke.

"Alipokaa juu yangu alikuwa mwepesi," Benchi likasema. "Pole, dada."

Unalipigaje teke benchi lililokupa pole? Nikaitikia, "Nimeshapoa," ingawa sikuwa nimepoa hata kidogo.

Benchi likajilaza, likawa jamvi. Ilikuwa arobaini ya Shomari na yeye mwenyewe alikuwepo, anakula. Miguu yake ilikuwa imevuliwa, imekaa kando yake ndani ya suruali, nayo inakula kwenye sinia hilohilo. Shangazi waligawa pilau na hakuna aliyeshangaa.

Miguu ilikuwa na pupa ya ajabu. Kila ikitaka kuinuka ilifagia sinia zima kwa mkupuo mmoja, na Shomari akabaki na tonge hewani, kitaa cha shingoni kikififia.

"Huna haya?" nikaiuliza.

"Ni pale pa kuanza tu, Dada," Miguu ikasema. Ilikuwa na sauti ya mota. "Kuondoka ndiko kunakokula. Nikishashika mwendo, kijiko kimoja kinanitosha."

"Basi kila mtu na sinia lake!"

Nikamwita shangazi. Akaleta sinia la pili, lina betri nene za tochi zimepangwa vizuri, zinatoa mvuke. Miguu ikala ikashiba. Shomari naye akabaki na lake, kitaa chake kikatulia kijani.

"Inuka," akaiambia Miguu.

Miguu ikabaki palepale.

"Inuka, bwana!"

"Namwona midomo inacheza," Miguu ikaniambia, "lakini simwelewi. Huyu ni nani?"

Nikachoka kabisa. Kwanza alikuwa hanijui mimi, sasa hajuani na miguu yake.

"Dada, umetutenga mno," Shomari akasema kwa upole. "Tule mbalimbali, sawa. Lakini waya mweusi wa huku na waya mweusi wa kule lazima zishikane. Zisiposhikana, amri yangu haina pa kupimiwa, inakuwa kelele tu."

Akazichukua zile nyaya mbili kwa mkono wake wa kushoto. Mkono huo ulikuwa ukinitia hasira sana alipokuwa hai. Alisokota nyaya zake kuelekea kushoto, na mimi nikija nyuma yake kuzikaza, najikuta nazifungua. Nikamwangalia akisokota. Sikuwa na hasira yoyote. Nilikuwa nimemkumbuka mno.

Miguu ikaingia mahali pake, ikainuka. Kitaa hakikufifia.

"Dada Hawa," akasema, amesimama. "Nakukumbuka."

Nikanyoosha mikono. Anakuja. Anatembea kwenye jamvi, katikati ya masinia, ananitazama usoni, anatabasamu. Anafika. Ananipita.

"Shomari, mimi niko huku!"

"Nakuona, Dada. Ila hii mota ni ya pazia. Mama anangoja."

"Nikumbatie kwanza."

"Ukinisimamisha itabidi nianze tena. Unajua kuanza kunavyokula."

Nikaishusha mikono yangu. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kuishusha mikono ile. Dirisha la Mama lilikuwa mwisho wa jamvi. Shomari akalifikia, akashika kamba.

Jua likanipiga machoni. Nilikuwa kwenye mkeka, chumbani kwa Mama.

"Marahaba, baba," Mama akasema kutoka kitandani, uso wake umeelekea dirishani. Kisha akaongeza, "Leo umechelewa."

Pazia lilikuwa wazi lote.

Nikainuka taratibu. Jana nililala nimeufumua mtambo wote, kila waya kivyake, nikiwa nimekata tamaa. Sasa kwenye ubao wa dirisha betri ya mraba ilikuwa imeunganishwa na kibao peke yake, na mota ilikuwa na betri za tochi yetu ya jikoni. Nikajiambia nimeamka usingizini nikafanya kazi. Watu hutembea usingizini, na mimi nilikuwa nimechoka sana.

Zile nyaya mbili nyeusi zilikuwa zimeshikana. Nikazishika nizikaze, nikazungusha vidole kulia kama nilivyozoea.

Zikalegea.

Nikazirudisha kushoto, polepole, mpaka zikakaza.