Vichwa vya Mbao

Umewahi kumwona mtu akiharibu kitu kwa kukitengeneza vizuri mno? Basi hayo ndiyo yaliyomkuta Mama Makabati, mwenye duka la samani.

Mbao zake huzinunua nchi ya jirani, kwa fundi mmoja mzee mwenye karakana. Safari hii shule ilikuwa imemwagiza vitanda vya bweni zima, na wanafunzi wangefika baada ya wiki tatu. Akamtuma mdogo wake, mwanamume wa miaka arobaini aitwaye Kimya, maana maneno yake ni ya kudondosha kama dawa ya macho. Mbao zikapakiwa, lori likaja mpaka mpakani, likazuiwa. Mama Makabati akapanda basi la alfajiri. Alimkuta afisa wa misitu akilizunguka lori, mikono mgongoni.

"Mama, mbao zako hazina mhuri."

Kila ubao halali hugongwa nyundo ya serikali kichwani, yaani kwenye ncha yake, ikaacha alama ndogo kama kifungo cha shati. Mama Makabati alipapasa vichwa vya mbao zake. Laini, vyeupe, sawasawa.

"Nani kazikata hizi?"

Kimya akatazama viatu vyake. "Mimi, dada. Zilikuwa zimepishana urefu."

"Zimepishana, ukazinyoa. Si ungezipaka na poda kabisa?"

Dereva alicheka, akatazamwa, akakohoa.

Afisa hakuwa mtu wa roho mbaya. "Nileteeni vile vipande vilivyokatwa. Kipande chenye mhuri kikikaa sawa na ubao wake, ubao unapita. Mwisho kesho saa kumi jioni. Zitakazobaki, serikali inazichukua."

Wakarudi mbio karakanani, dada na mdogo wake. Mke wa fundi alikuwa ameshaanza kuvitia jikoni vile vipande, naye hana kosa, kuni ni kuni. Wakachambua lile rundo wamepiga magoti, majivu mpaka kwenye nyusi, Mama Makabati akiwaza vile vitoto na magodoro yao chini kwenye saruji.

Kesho yake mpakani, Kimya akaushika mfuko. Anatoa kipande, anakigeuza mara moja, anakwenda moja kwa moja kwenye ubao wake. "Hiki kina jicho, hapa tawi lilipoota. Mwenzake yule wa chini." Mstari ukakutana na mstari, jicho likakutana na jicho. Hakukosea hata kimoja. Dada yake hakuwahi kuiona mikono ile ikifanya kazi hivyo.

Lakini majivu hayana mhuri. Mbao kumi na mbili zikashushwa, zikaegemezwa ukutani kwa afisa. Mama Makabati akampigia simu mwalimu mkuu, akamweleza vitanda vitapungua. Mwalimu mkuu alisema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye mambo yake si sawa.

Akaja kuketi kwenye jiwe kando ya Kimya.

"Mdogo wangu, miaka kumi na mitano unanifuatia mbao. Hujawahi kugusa hata moja. Safari hii ulipatwa na nini?"

Dereva akawasha lori. Kimya hakuinuka.

"Fundi alinipa msumeno nimshikie. Nikajaribu ubao mmoja, ukatoka umenyooka. Nikashindwa kuacha." Akafuta majivu kwenye kucha, moja moja. "Mimi, dada, dukani sikutaka tangu mwanzo. Nilitaka kutengeneza vitanda kwa mikono yangu. Niache nibaki kwa fundi."