Injini Mpya na Kiti cha Mama Mkwe

Pale maabara hapakuwa na mwenye mkono mtulivu kama fundi wa meno bandia, lakini mbele ya mama mkwe wake mkono huohuo ulimwaga chai.

Jumamosi hiyo alikuwa uani akiizoesha injini mpya ya ndege yake ndogo, ile ya kurushwa kwa rimoti. Injini yenyewe haikuzidi ngumi. Alikuwa ameifunga kwa boliti kwenye ubao mnene, na ubao akaubana mezani. Injini mpya haikimbizwi: unaipa mafuta mengi, inanguruma kivivu huku ikitema moshi, unaizima, unaiacha ipoe, ndipo unajaza tangi jingine. Matangi mawili yalikwisha salama.

Alipokuwa akijaza la tatu, mama mkwe, kilemba chake kichwani, akatoka na kiti chake, akakiweka ubavuni mwa meza, usawa kabisa na propela, lile panga linalozunguka mbele ya injini.

Fundi akaishusha chupa ya mafuta. Hapo ndipo mahali ambapo mtu hakai kamwe. Propela ikivunjika, kipande hurukia ubavuni. Lakini miaka kumi na mmoja tangu aoe, hakuwahi kumwambia mama huyo "sogea". Angeanzia wapi?

"Mama, hapo moshi utakusumbua."

"Nimepikia kuni maisha yangu yote, baba. Moshi naujua. Washa tuone."

"Na mafuta yatakurukia nguo."

"Zitafuliwa."

Mkewe, aliyekuwa akianika mashuka, akacheka. Fundi naye akacheka, akawasha.

Injini ikashika. Kwa kuwa tangi la tatu huruhusu mbio kidogo, akaanza kupunguza mafuta, na sauti ikapanda, ikawa nyembamba, tamu. Mama mkwe akawa anatikisa kichwa kama anayesikiliza kwaya.

Paa!

Injini ikatetemeka vibaya, ikazimika. Propela ilikuwa imebaki na bawa moja.

"Mbona umeizima?" mama mkwe akauliza. "Ndiyo kwanza ilikuwa inanoga."

 Fundi alikuwa akimtazama kichwani. Kile kilemba alichokifunga kwa fundo refu hakikuwepo. Nywele nyeupe, fupi, ambazo mkwe hakuwahi kuziona, zilikuwa wazi juani. Nyuma yake, kwenye mlango wa stoo, bawa la propela lilikuwa limezama katika mbao, na kilemba kikining'inia hapo.

Mkewe akaangusha shuka vumbini. "Mama!"

Mama akapeleka mkono kichwani, akapapasa. Akageuka, akauona mlango. Akavitazama vidole vyake; havikuwa na damu.

Fundi akaketi chini palepale.

"Nilijua," alisema. "Mama, nilijua hapo hapakaliki."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia moshi."

"Nilishindwa kukwambia usogee. Wewe ni mama."

"Kwa hiyo ungemzika kwa heshima?" mkewe akamuuliza.

Mama mkwe alivuta shali lake begani ajifunike kichwa, lakini pindo likamshinda. Binti yake akamfungia.

"Nyanyuka," mama akamwambia mkwewe. "Haya, niambie."

"Nikwambie nini, mama?"

"Niambie nisogee."

Alifungua kinywa mara mbili, akakifunga. Mara ya tatu ikatoka sauti ambayo hata yeye hakuijua: "Sogea, mama! Toka hapo!"

Mama akasimama, akabeba kiti chake, akaenda kukaa mbali nyuma ya meza, ingawa injini ilikuwa kimya kabisa.

Tangi la nne halikujazwa siku hiyo. Wakati wa kula, fundi aliganda, kijiko hewani, macho kwenye shali la mama mkwe.

"Kula, baba," mama alimwambia. "Mimi bado nipo."

Lakini sahani yake mwenyewe alikuwa hajaigusa.