Msindikizaji wa Ngoyai

Ngoyai alikosa dripu ya pili ya kemo, akakosa na ya tatu. Daktari alikuwa ametuonya tangu mwanzo kwamba saratani ya titi lake haitaki dawa za kurukaruka. Nilikasirika, siwezi kuficha. Niliamini ametuacha akarudi kwenye dawa za mizizi.

Tulikuwa tumempangia kila kitu. Mimi ndiye muuguzi wa wagonjwa wa saratani hapa Karatu, na mimi ndiye niliyemchagulia msindikizaji: Lesiamon, mume wa binti yake, mwenye pikipiki na Kiswahili safi. Angemtoa kijijini kwake Endulen, angekaa naye chumbani, angemtafsiria. Kwenye kikao nilijisifu kwa mpango huo. Siku ya dripu ya kwanza Ngoyai aliuficha uso ndani ya shuka mpaka dawa ikaisha, nami nikadhani ni woga.

Sasa nilikuwa nafoka mbele ya kiti chake kitupu. Eunike, mhudumu anayedeki wodi yetu, akaacha kudeki. Naye, kama Ngoyai, ni Mmaasai wa Endulen.

"Sista, kwetu mwanaume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Wakikutana njiani, wanapishana kwa mbali. Ninyi mkamweka amtafsirie habari za titi lake."

"Mbona hukusema?"

"Kwenye kikao huwa naitwa kuleta chai."

Niliona aibu. Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba twende naye, na kesho yake tukapanda Endulen kwa gari la hospitali.

Tulimkuta Ngoyai nyumbani, peke yake. Kupitia kwa Eunike nilimwambia kwamba kosa ni letu, si lake. Akafungua shuka mwenyewe. Nikampima. Uvimbe niliokuwa nikiufunika kwa vidole viwili sasa ulijaza kiganja changu.

Ngoyai akasema jambo kwa sauti ya chini. Eunike hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Anauliza, kama mngenipa mimi kazi hii ya kumsindikiza tangu mwanzo, angepona?"

Miaka kumi na moja nimefanya kazi hii, na sijawahi kuogopa swali namna ile.

"Mwambie huenda angepona," nilisema.

Eunike akamwambia. Ngoyai akajifunga shuka, akachukua kadi yake ya kliniki, akatoka kupanda gari.