Sentensi Iliyopita Bila Pasi

Wasomaji wa gazeti walimwita Breki, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na kila Ijumaa makala yake ilitoka ukurasa wa sita. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumwambia Rais mpya apunguze mwendo.

Rais alikuwa hajamaliza mwaka ofisini, na tayari mambo yalikuwa yamepinduliwa kama chumba cha mtu anayehama. Mabaraza ya usuluhishi ya mitaa yalifutwa kwa tangazo moja la jioni. Sasa jirani akigombana na jirani kwa sababu ya maji ya paa yanayomwagikia uani kwake, waende mahakamani. Kamati za wazazi zilinyang'anywa usemi juu ya shule, usemi ukapelekwa wizarani. Na ile siku ya mapumziko ya wiki, ambayo watu walikula pamoja na kulala mchana bila aibu, ilifutwa kwa ofisi zote za serikali. Nchi inataka kukimbia, walisema, kwa hiyo kazi siku saba.

Breki hakumchukia Rais. Wasomaji wengi hawakulijua hilo, lakini mkewe alilijua. Alichokichukia ni mtu kung'oa nguzo kabla ya kuuliza imebeba nini. Aliandika kwamba mabaraza hayakuletwa na serikali, basi serikali isiyazime kama taa ya chumbani. Aliandika kwamba mzazi ni wa kwanza na wizara ni ya pili. Aliandika kwamba watu wasiokuwa na siku moja ya kupumzika pamoja watazoea kuonana misibani tu.

Mkewe alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa chake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, waya uliokatiza dirishani wenye mashati ya watu, harufu ya mvuke na wanga asubuhi hadi jioni. Kwenye kona, chini ya feni iliyopiga kelele kama mtu mwenye kifua, mumewe aliwekewa meza yake ndogo. Wateja walizoea kumkuta hapo akikuna kichwa kwa kalamu. Wengine waliacha nguo na malalamiko pamoja.

Wawili hao walikuwa na utaratibu wao. Makala ikikamilika, Breki aliisoma kwa sauti huku mkewe akipiga pasi. Pasi ikiendelea kwenda, sentensi imepita. Pasi ikisimama, kuna neno linalochoma, na ilibidi alifute upesi, maana chini ya chuma kile palikuwa na shati la mtu. Kwa namna hiyo walikuwa wameokoa heshima za mawaziri wengi na kuunguza kola moja tu.

Juu ya hoja zenyewe mkewe hakuwa na neno. Nyingi alikubaliana nazo. Aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la mtaa wao aliwahi kumpatanisha na dada yake baada ya miaka ya kununiana, na hakuna hakimu ambaye angeiweza kazi ile. Alichokikamata yeye ni dharau. "Mseme mtu kwa alichofanya," alikuwa akimwambia. "Alivyo, mwachie Mungu."

Sasa, kitindamimba wao alifanya kazi ofisi ya Rais, akiandika hotuba. Hilo halikuwahi kuivuruga nyumba. Kijana alikuwa amekulia chini ya meza ile ya pasi akisikiliza makala za baba yake, na alipokuwa mtu mzima alikuja kila siku ya mapumziko na mkewe, wakala, akabishana na baba yake mpaka mchuzi ukapoa, kisha wakaagana wakicheka. Baba alisema mwanawe anaandika vizuri mambo mabaya. Mwana alisema baba yake anaandika vizuri mambo ya zamani. Mama aliwaongezea chakula wote wawili.

Kisha akaacha kuja.

Wiki ya kwanza alituma ujumbe kwamba ana kazi. Wiki ya pili hakutuma kitu. Wiki ya tatu mama alipika kama kawaida, akaweka sahani nne, akaondoa mbili.

Breki alikuwa na maelezo yake. "Si nilisema?" alimwambia mkewe, karibu kwa furaha, kama daktari aliyeotea ugonjwa. "Serikali ya siku saba. Imeanza kula watoto wetu." Na akakaa kuandika makala nyingine, kali kuliko zote, juu ya meza zinazobaki tupu siku ya mapumziko.

Mama alijua ofisi inaweza kumnyima mtu siku, lakini haiwezi kumnyima sauti. Kijana yule hata akiwa na homa humpigia mama yake simu kumwambia ana homa.

Alichukua mashati ya mwanawe, ambayo bado aliyapiga pasi mwenyewe ingawa mtoto alishaoa, akayakunja kwenye karatasi, akaenda kwake. Alifunguliwa na mkwe. Kijana alikuwa kazini. Mkwe alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamletea maji, na mama akaona kwamba tumbo limeanza kusimama. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Wawili hawa walikuwa wamesubiri mtoto muda mrefu, na mara mbili walikuwa wamepata na kupoteza. Safari hii mkwe alimwambia mama mkwe peke yake na akamwomba afunge mdomo mpaka miezi iwe imetulia. Naye alikuwa ameufunga kweli, hata kwa mumewe.

Alipouliza kuna nini, mkwe alisitasita. Kisha akaleta gazeti la wiki zile, lililokunjwa ukurasa wa sita, akaonyesha mahali kwa kidole bila kusoma.

Mama alikuwa msomaji wa taratibu, wa kufuata neno kwa neno. Makala ilisema hotuba za Rais zinanukia wino mbichi. Ikasema mabaraza yamefutwa na watu wasiowahi kupatanisha hata paka wawili. Kufikia hapo alikaribia kucheka. Halafu: *Hotuba hizi zinaandikwa na vijana ambao hata kuzaa hawajazaa, nao wanataka kutulelea nchi.*

Alisoma tena. Sentensi ile hakuwa ameisikia maishani mwake.

Mkwe alisema mumewe alirudi na gazeti siku ile, akaenda kukaa bafuni bila kufungua maji. Alipotoka alisema ofisini wameichekea siku nzima, na mmoja amempiga begani akimwuliza kama baba yake ana mtu maalumu akilini. "Najua Baba hakukusudia," mkwe alisema. "Hata mwenzangu anajua. Lakini Mama, kujua hakupozi."

Mama alimshika mkono wakakaa hivyo. Mwishowe aliomba ruhusa moja tu, kumwambia mzee habari ya mtoto, na mkwe akasema amwambie.

Alimkuta Breki pale pale chini ya feni. Alivua mtandio, akamwuliza ile sentensi ya vijana wasiozaa aliipitisha lini.

"Nilikusomea," Breki alisema. "Pasi haikusimama."

"Ulimsomea nani?"

Wakaikumbuka siku yenyewe polepole, kila mmoja na kipande chake. Feni ilikuwa ikiunguruma. Breki alikuwa ameinamia karatasi, pua ikikaribia kugusa maandishi. Mteja mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa amekuja na haraka zake kuchukua sare, na mama alikuwa amesimamisha pasi kwenye kisahani chake akatoka naye mpaka barazani, maana dereva alitaka kumsimulia habari ya mguu wa mama yake. Breki alisoma ukurasa mzima kwa mashati yanayoning'inia. Hakuna pasi iliyosimama kwa sababu hakuna pasi iliyokuwa inakwenda.

Ndipo mama akamwambia habari ya mtoto anayekuja, na ya wawili waliotangulia ambao hakuwahi kuambiwa.

Breki alivua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mdogo. Mama alichukua shati kutoka kwenye waya, akalirudisha. Kisha mzee akaivuta makala mpya, ile kali, akaanza kuikata kwa mistari mirefu. Alisema ataandika kwamba amekosea. Ataandika kwamba Rais yuko sawa, mabaraza yalikuwa mazee, siku saba ni sawa, kila kitu ni sawa, kijana arudi tu.

"Acha kalamu," mama alisema. "Jeraha liko mguuni, wewe unafunga mkono. Kwa Rais hukukosea. Ulimkosea mtoto."

Akamwambia, kwa maneno machache, kwamba mwanawe hakulelewa na mtu wa kubadilisha hoja kwa kuogopa. Akimwona baba yake amegeuka hivyo atazidi kuumia. Hoja zibaki. Dharau itoke, na itolewe pale pale ilipoingizwa, hadharani. Na kama anatafuta haki kweli, kuna jambo moja ambalo Rais amefanya na Breki hajalitaja hata kwa nusu mstari: zahanati za uzazi kufunguliwa usiku kucha. Mkwe alishakimbilia mojawapo, damu ilipomtisha, akakuta mlango wazi na muuguzi macho.

"Kumsifu mtawala ni kazi ya wapambe," Breki alinung'unika, lakini alikuwa ameshageuza karatasi upande safi.

Makala ile ilimtoa jasho. Ilianza na maneno haya, ambayo aliyasoma mara tatu, mama akiwa amesimama mbele yake: *Niliandika hapa kwamba asiyezaa hana la kusema juu ya malezi ya nchi. Lilikuwa neno la kipumbavu na la ukatili, na wapo niliowaumiza ambao hawakustahili. Nawaomba radhi.* Kisha ikaeleza zahanati, kwa shukrani, bila kutaja jamaa. Na baada ya hapo ikarudi palepale: mabaraza yarudishwe au angalau walioyatumikia waulizwe, wazazi wasisukumwe nje ya lango la shule, siku moja ya wiki iachiwe familia, kwa sababu serikali haiwezi kuwa mama wa mtu.

Mhariri alipiga simu kulalamika. Alisema wasomaji wanamtaka Breki, yeye ameweka gia ya kurudi nyuma. Breki alimjibu kwamba dereva asiyejua kurudi nyuma hukaa shimoni, na makala ikatoka kama ilivyo.

Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi ikapita. Dereva wa gari la wagonjwa alikuja kuchukua sare zake, akampa mzee mkono kwa nguvu, akaondoka bila kusema sababu. Siku ya mapumziko mama alipika, na mara hii hakuweka sahani mezani kwanza. Aliogopa kuziondoa.

Mlango ulipogongwa, Breki alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Kijana alikuwa mlangoni na mkewe, amevaa moja ya mashati yale. Alisema ameomba ruhusa ofisini siku nzima, na kwamba bosi wake ameguna sana. Baba na mwana walitazamana juu ya kiti kilichoanguka.

"Nilikuumiza, baba," mzee alisema. Alikuwa hajamwita hivyo tangu akiwa mdogo.

"Uliniumiza," kijana alisema. Kisha akainama, akainua kile kiti, akakisukuma kwa baba yake ili akae.

Walikula. Mkwe alihudumiwa kama mgeni wa heshima. Breki alimtengea kipande kizuri, akamwekea mto mgongoni, akauweka vibaya, akauweka tena. Na chakula kilipokuwa katikati kijana alisema, akitazama sahani yake, kwamba wiki ile Rais aliuliza kikaoni mabaraza yale yalianzaje na kwa nini. Waliokuwa kikaoni waliangaliana. Yeye ndiye aliyejibu, maana alikuwa ameyasikia tangu anatambaa. Sasa kufutwa kumesimamishwa kwanza, na wajumbe wa zamani wataitwa wasikilizwe. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Breki alifungua mdomo kusherehekea. Kijana akainua kidole.

"Sijamaliza. Mabaraza yako, Baba, wapangaji hawakuwahi kukaa mle. Wenye nyumba tu. Mpangaji akigombana na mwenye nyumba, anahukumiwa na wenye nyumba watatu."

Mzee alifunga mdomo. Alitafuna. Alisema hilo ni kweli, na kwamba hata hivyo kiti chenye mguu mmoja mbovu hutengenezwa, hakichomwi moto. Kijana akasema wengine wamekalia kiti hicho wakaanguka, wasilazimishwe kukipenda. Mzee akasema basi tuongeze wapangaji. Kijana akasema na wanawake. Mzee akasema wanawake walikuwepo! Kijana akauliza wangapi. Na sauti zikaanza kupanda ngazi kama zamani, moja juu ya nyingine, kutoka mabarazani hadi mashuleni hadi ile sera ya siku saba, ambayo kijana aliitetea vibaya sana maana mwenyewe alikuwa amelala saa chache tu wiki nzima.

Mama alikuja kutoa vyombo, akawagusa wote wawili begani. Akaashiria kwa kidevu.

Mkwe alikuwa amelala. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, mkono juu ya tumbo, mdomo wazi kidogo kama mtoto. Mama alichukua shuka safi kutoka kwenye rundo la kupelekwa kwa wateja, akasita, akaona mteja atasamehe, akamfunika.

Breki aliinuka akinyata, akaizima feni. Akarudi, akasogeza kiti chake mpaka magoti yake na ya mwanawe yakakaribia kugusana.

"Lakini kuhusu shule," alinong'ona, "hapo huwezi kunishinda."

"Nakushinda," kijana akanong'ona, akisogeza sikio karibu. "Sema."