Mfasiri na Skrini Pana

Kwa wiki tatu mfasiri hakuwa na mazungumzo mengine ila skrini. Kompyuta mpakato yake ya zamani, yenye skrini ya kawaida iliyokaribia umbo la mraba, ilizimika katikati ya sentensi ikakataa katakata kuwaka tena. Basi akasoma kila alichokipata kuhusu skrini pana na skrini za kawaida, akajaza kurasa nne za daftari, na siku ya kwenda dukani akatia futikamba mkobani.

"Wifi, tunakwenda kununua kompyuta au kitambaa cha mapazia?" akauliza dada wa mumewe, aliyekuwa akimsindikiza.

"Wewe twende tu. Mimi si mtu wa kuuziwa maneno."

Muuzaji alipofungua tu kinywa, mfasiri akamkatiza. Akamweleza uwiano wa upana na kimo. Akamweleza kwamba ukurasa huenda chini, hauendi pembeni, kwa hiyo msomaji makini anahitaji skrini ya kawaida, si hizi pana za watu wa sinema. Akapima, akaandika, akapima tena. Muuzaji akaitikia "naam, mama" hadi akachoka, kisha akabonyeza kitufe. Kwenye skrini pana iliyokuwa karibu wakatokea farasi wanakimbia kwenye theluji, kutoka ukingo hadi ukingo, manyoya ya shingoni yakipepea.

Mfasiri akafunga daftari.

Walipotoka dukani kompyuta ya skrini pana ilikuwa kwapani mwake, na hakukumbuka vizuri ilivyofika pale.

"Si ulisema…" wifi akaanza.

"Nimebadili mawazo. Kitaalamu."

Nyumbani, mkataba wa kwanza alioufungua ulimwonyesha mistari kumi na minne tu. Kushoto na kulia vikabaki viwanja viwili vyeupe, vya kutosha kuchezea mpira. Akashinda akipandisha na kuteremsha ukurasa mpaka kidole kikafa ganzi. Mumewe alipomuuliza mambo yanakwendaje, akajibu "Raha tupu!" kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango.

Siku ya nne akapata akili mpya. Akayageuza maandishi yalale ubavu, akaisimamisha kompyuta wima mezani kama kitabu kilichofunguliwa, akaishikilia kwa mkono mmoja asije akaiangusha, akaanza kusoma. Hapo ndipo wifi alipoingia.

Wifi akasimama mlangoni, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Imeugua, au ndivyo inavyolala?"

Mfasiri alitaka kukasirika. Lakini akajiona alivyo, mtu mzima na miwani yake puani, amekumbatia kompyuta kama mtoto anayebembelezwa, na kicheko kikamshinda. Akakiri yote, hata farasi.

Asubuhi iliyofuata wakarudi dukani kuomba wabadilishiwe. Muuzaji akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kwani kazi yako ni ipi?"

"Mfasiri. Mbona siku ile hukuniuliza?"

"Nilijaribu mara mbili."

Wifi akatazama dari.

Muuzaji akaiwasha kompyuta, akafungua mkataba mmoja wa asili, akausogeza kushoto. Akafungua tafsiri yake, akaisogeza kulia. Kurasa mbili zikakaa ana kwa ana, mstari kwa mstari, na vile viwanja vyeupe havikuonekana tena. Mfasiri akakodoa macho. Miaka ishirini alikuwa akifungua ukurasa huu na kufunga ule, sentensi zikimponyoka njiani, na kumbe yeye ndiye bingwa wa skrini mwenye daftari la kurasa nne!

Wifi akasogea karibu, akaweka kidole. "Huku naona kifungu cha saba, cha nane, cha tisa. Huku saba, tisa. Cha nane kimekwenda wapi?"

Hakikuwapo. Na tafsiri hiyo mfasiri alikuwa ameisoma mara tatu, akaisifu, na ilitakiwa imfikie mwenye mkataba saa sita mchana siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo tubadilishe, mama?" muuzaji akauliza kwa upole.

"Nipe kiti," akasema mfasiri, akaketi pale pale kati ya wateja, akaanza kukitafsiri kifungu cha nane.