Bapa Moja Jipya

Mzee Sedekia hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na banda lenye sakafu ya saruji, wala winchi ya kuinulia injini. Alikuwa na magogo matatu na mnyororo. Hakuwa na kitabu kizima cha mashine, kwa kuwa mchwa walikuwa wamekula kurasa zote za katikati. Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na miwani inayolingana na macho yake, na hakuwa na mazoea ya kusema "sijui." Na tangu Julai iliyopita, hakuwa na Benjamini.

Hilo la mwisho lilimuuma kiunoni, maana kombaini, mashine ya kuvunia mpunga, haitengenezwi na mtu mmoja. Mmoja hushika spana juu, mwingine hushika nati chini. Mmoja huvuta mkanda, mwingine huingiza puli. Kwa miaka kumi na mbili, kila masika mvua zinapolifunika bonde na mpunga ungali kijani, Sedekia na Benjamini waliifungua mashine ya kikundi chao cha wakulima kipande kwa kipande, wakaifunga tena, na ilipofika Juni ikashuka shambani ikinguruma. Ilikuwa mashine ya zamani, rangi yake ilikwisha kusahaulika, lakini wakulima wa mpunga wa huko chini ya Igurusi hawakuwa na nyingine.

Juni iliyopita, katikati ya mavuno, beringi ya dramu ilipasuka. Dramu ndiyo roho ya kombaini: pipa la chuma linalozunguka kwa kasi, limefungwa mabapa manane yenye makunyanzi, na hayo mabapa ndiyo yanayopura mpunga. Beringi ilipopasuka, mashine ilikaa shambani siku kumi na moja kama tembo aliyekufa. Mpunga ukalala, ukapukutika, ndege kwelea kwelea wakanenepa. Kamati ilipokutana ilimuuliza fundi mkuu sababu.

Sedekia alisimama, akapangusa mikono, akasema, "Dereva aliikimbiza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kuwa aliulizwa mbele za watu, na jibu hilo ndilo lililokuwa karibu. Tena aliliamini. Benjamini, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, alikanusha mara moja tu kisha akanyamaza, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ni kukiri. Kanuni ya tisa ya kikundi inasema kwamba atakayeiharibu mashine kwa uzembe asiiguse kwa misimu miwili. Kanuni hiyo aliiandika Sedekia mwenyewe, kwa mwandiko mzuri aliojifunza katika masomo ya jioni akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, akikaa dawati moja na watu waliomzidi umri na waliozidiwa naye. Benjamini akapewa barua, akafunga mkoba, akaenda Makongolosi kuendesha karasha la kusagia mawe ya dhahabu.

Sasa ilikuwa Februari, na msaidizi wa Sedekia alikuwa mkewe.

"Nishike wapi?" aliuliza Esnath. Alikuwa amefunga khanga kiunoni na mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

"Usishike. Sukuma tu, kisha uache."

Sedekia alikuwa ametoa mkanda na kuiacha dramu huru kwenye beringi mpya. Alitaka tu kusikia kama beringi zinaimba vizuri. Esnath akasukuma kwa kiganja, kama mtu anayesukuma mlango wa jirani asiyempenda. Dramu ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikasita, ikarudi nyuma kidogo, ikatulia.

Sedekia akakunja uso. Akachukua chaki, akatia alama kwenye bapa lililokuwa chini kabisa.

"Tena."

Dramu ikazunguka. Ilipotulia, alama ya chaki ilikuwa chini kabisa.

"Tena."

Chini kabisa. Mara ya nne alisukuma mwenyewe, kwa nguvu zaidi, kama aliyetaka kuibishia. Dramu ilizunguka muda mrefu, ikamfanya atumaini, halafu ikarudi na kukaa palepale.

"Mbona inarudi kama mbuzi aliyezoea shamba la mtu?" Esnath alisema.

"Subiri kidogo, mama Bertha."

"Nimeuliza tu, mimi si fundi. Lakini hilo la chini mbona linang'aa kuliko wenzake?"

Sedekia alikwenda akaketi juu ya gurudumu la akiba, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kuona zaidi.

Linang'aa kwa sababu ni jipya. Machi ya mwaka jana alikuta bapa moja limepindwa na jiwe, akanunua moja, akalifunga moja. Lile la upande wa pili, linalotazamana nalo, lilikuwa limelika kwa miaka mingi likawa jepesi. Basi dramu ikawa nzito upande mmoja, na dramu ya namna hiyo ikizungushwa mara mia nane kwa dakika, hugonga beringi zake kama nyundo, asubuhi hadi jioni. Dereva angeiendesha kwa upole wa mtu aliyebeba mayai, beringi ingepasuka vilevile.

"Baba Bertha," Esnath alisema. "Ni nani aliyelifunga?"

"Kitabu hakina ukurasa huo. Mchwa waliula."

"Haya. Siku ya kamati tutawaita mchwa waje waeleze."

Kesho yake alifungua bapa chakavu, akalifunga kwenye gunia, akapanda basi kwenda Mbeya. Himmat, mwenye duka la spea karibu na soko, alikuwa ameketi mahali pake pa miaka yote, nyuma ya kaunta, mkewe Prabha pembeni akiandika lebo za mikanda. Himmat alizaliwa Mbeya na husalimia Kinyakyusa vizuri kuliko Wasafwa wengi.

"Ugonile, fundi. Umekuja kumchukua pacha?"

"Ndaga, mzee Himmat. Pacha gani?"

Himmat alinyoosha kidole juu ya rafu bila kugeuka. Bapa moja lilikuwa pale, ndani ya karatasi yake ya mafuta, limepata vumbi la mwaka mzima. "Huyo. Nilikwambia hawa hufungwa wawili, mmoja huku na mmoja huku. Ukasema nini?"

"Sikumbuki."

"Prabha, alisema nini?"

"Alisema Mhindi angeuza hata kofia kwa jozi kama angeweza," Prabha alijibu, bado anaandika.

Sedekia alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akashindwa kuendelea. Prabha aliliweka bapa chakavu kwenye mizani, akaliondoa, akaweka jipya. Sindano ya mizani ikapita pale iliposimama mwanzo, ikaendelea mbele karibu robo tatu ya kilo.

"Aisee," alisema Himmat, na safari hii hakutania. "Hii ndiyo iliyokula beringi yenu?"

"Ndiyo."

"Na yule dereva wenu mpole, mliyesema aliikimbiza?"

"Yuko Makongolosi."

Himmat alimtazama. Akalifunga bapa jipya vizuri kwenye gunia, akafunga fundo mara mbili, akasema, "Kosa moja haliachi mke, Sedekia." Sedekia alitamani angetukanwa.

Siku iliyofuata walilifunga bapa hilo pacha, yeye na Esnath. Wakaisukuma dramu. Ilitulia mara kwenye alama ya chaki, mara kwenye bapa la tatu, mara katikati ya mawili, popote ilipochoka. Ilikuwa kazi safi. Mzee wa miaka sabini na moja alisimama mbele ya dramu ile, akahisi raha iliyompanda toka miguuni, raha ambayo fundi huipata mara chache na hawezi kumgawia mtu. Ikafuatwa papo hapo na wazo.

Kamati ingekaa Jumatano kuchagua fundi na dereva wa msimu. Mashine ilikuwa imepona. Waliojua ilichougua ni Esnath na Wahindi wawili wa Mbeya. Angeweza kusimama, akasema kwamba mtu hukosea, kwamba Benjamini ameadhibiwa vya kutosha, asamehewe arudi. Wangempigia makofi kwa moyo wake mkubwa. Akisema ukweli, kanuni ya tisa ingemshika yeye. Misimu miwili. Kwa kijana, misimu miwili ni kupumzika. Kwa mtu wa sabini na moja, huenda ndiyo yote iliyobaki.

Akapiga simu Makongolosi. Nyuma ya sauti ya Benjamini karasha lilikuwa likitafuna mawe.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimeona nikwambie, Jumatano nitaiomba kamati ikusamehe. Urudi."

"Nisamehewe kwa lipi?"

Sedekia akakohoa. "Kwa yale ya Juni."

"Mzee, subiri, nisogee, hapa kuna kelele." Mawe yakasikika kwa mbali. "Mimi nakuheshimu kama baba. Lakini siku ya pili ya mavuno nilikuja nikakwambia mashine inatetemeka. Unakumbuka ulivyonijibu?"

"Nilijibu nini?"

"Ulisema, 'Hata wewe unatetemeka na bado unakula ugali wako.'" Benjamini alicheka, lakini si kicheko cha mtu anayefurahi. "Nilicheka, nikarudi kwenye usukani. Sasa nikirudi kwa msamaha, watoto wangu watasoma kwenye faili kwamba baba yao aliharibu mashine ya watu, akaonewa huruma. Acha tu nisage mawe."

"Benjamini."

"Naam, mzee."

"Basi, baadaye," alisema Sedekia, akakata simu.

Jumapili baada ya kutoka kanisani aliketi mezani na karatasi za mistari. Simu haikutosha kwa jambo hili. Benjamini alikuwa ameondolewa kwa barua, na barua hiyo ilikuwa kwenye faili. Kinachoweza kukaa juu yake ni barua nyingine. Aliandika kama alivyofundishwa: anwani kulia, tarehe, kumbukumbu namba, "Yah:" kwa herufi kubwa. Akaandika aya moja, akamsomea mkewe.

"'Katika matengenezo ya mwezi huu, ilibainika kuwa ilitokea hitilafu katika ufungaji wa bapa.'"

Esnath alikuwa anachambua maharage. "Ilitokea yenyewe?"

"Ndivyo barua za ofisi zinavyoandikwa."

"Ile ya Benjamini mliandika 'ilitokea'?"

Hawakuandika hivyo. Waliandika *dereva Benjamini aliharibu*. Sedekia alilijua neno kwa neno, maana yeye ndiye aliyelinakili. Akachana karatasi, akachukua nyingine. Safari hii hakusoma kwa sauti mpaka alipomaliza.

"'Yah: Kosa langu katika dramu ya kombaini. Mimi, Sedekia, nilifunga bapa moja jipya mahali palipohitaji mawili. Muuza spea alinionya, sikusikiliza. Dereva Benjamini aliniarifu kuwa mashine inatetemeka, nikamfanyia mzaha. Beringi ilipasuka kwa sababu hiyo na si nyingine. Mbele ya kamati nilimtaja yeye. Naomba barua yake ifutwe, na kanuni ya tisa itumike kwangu kama nilivyoiandika. Mashine sasa ni nzima. Nakala: Benjamini, Makongolosi.'"

Esnath aliacha maharage.

"Nani ataifungua mashine masika ijayo?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Atakayechaguliwa."

"Na wewe?"

"Nitakaa nyumbani. Utanifundisha kuchambua maharage."

"Hutaweza. Macho huna," alisema, akamsogezea bahasha mbili.

Aliinakili barua mara ya pili, herufi kwa herufi, akasaini zote mbili. Jumatatu asubuhi Ombeni, dereva wa bodaboda, alisimama mlangoni, injini ikiwa inaunguruma. Sedekia alilamba gundi ya bahasha ya kwanza, akaibana kwa kidole gumba toka pembe hadi pembe, kisha ya pili.

"Hii ya kamati, mpe katibu mkononi, atie sahihi kwenye daftari. Hii nyingine ipeleke stendi, iingie basi la Mbeya, waiunganishe na la Makongolosi."

"Kuna haraka, mzee? Naweza kunywa chai kwanza?"

"Kunywa ukirudi," alisema Sedekia, akampa bahasha zote mbili, na Ombeni akazitia ndani ya koti, akafunga zipu, akaondoka.