Tafsida za Mama Mdogo

Mama mdogo wa binti mmoja wa shule alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikuwa asali tupu. Mteja aliyenenepa hakuambiwa amenenepa, ng'o. Aliambiwa, "Vitambaa vya siku hizi, shoga yangu, vikifuliwa vinasinyaa." Mteja alicheka, akalipa, akarudi tena.

Kwa hiyo mwalimu alipofundisha tafsida, yaani kulisema jambo zito kwa maneno laini, binti hakukuna kichwa. Alitoa mifano ya kibandani kwa mama mdogo mpaka darasa zima likavunjika mbavu. Sifa zikamvimbisha kichwa, akawa balaa nyumbani. Huwezi kusema una njaa ya kufa bila kuambiwa hiyo ni chuku.

Jumamosi mama yake alikuja kibandani amevaa gauni la buluu. Lilishapunguzwa mara mbili, na bado lilimning'inia. Mama mdogo alikuwa amebana pini mdomoni, akamwashiria binti ashike tepu. Binti akaizungusha kiunoni mwa mama. Tepu iliyobaki mkononi ilikuwa ndefu mno.

Mama mdogo akatoa pini mdomoni, akazibana kwenye gauni kiunoni. "Kitambaa cha aina hii, dada, kikizeeka kinalegea. Wala usijali."

"Eeh, kimezeeka," mama akaitikia.

Binti alijua jina la walichokuwa wakifanya, ila safari hii hakuona cha kuchekesha. Alikikumbuka kikohozi cha mama bafuni kule nyumbani, maji yakifunguliwa kisisikike. Akaogopa, tena sana. Akinyamaza, hawa watu wazima wawili wataendelea kupunguza na kutabasamu mpaka gauni liwe la mtoto.

"Mama, umekonda," akasema. "Unaumwa. Jumatatu twende hospitali, mimi na wewe."

Mama mdogo akamkata jicho. "Ndiyo mnayofundishwa shuleni hayo? Kumwambia mzazi maneno kama hayo?"

Binti akaanza kukunja tepu.

Mama akaketi kwenye stuli, pini zikiwa bado kiunoni, akashusha pumzi ndefu. Hakuonekana kukasirika.

"Mwache," akamwambia mdogo wake. "Unadhani kwa nini nakuletea gauni hilihili kila mara? Mwenyewe nilishindwa kusema. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme."